Kadi ya Michoro Isipoitika: Njia ya Kutafuta Hitilafu katika Ukokotoaji wa Hisabati

Hesabu nyingi za sayansi ya leo, kama vile utabiri wa hali ya hewa, uchunguzi wa maumbo ya protini na ufumbuzi wa milinganyo yenye maelfu ya vigeu, hurudi katika kazi moja ya msingi. Kazi hiyo ni kuzidisha na kujumlisha namba nyingi mno zilizopangwa kwa safu katika majedwali yaitwayo matriksi. Kila namba ya jibu hupatikana peke yake, bila kungoja nyingine. Kwa sababu hiyo kazi yenyewe hugawanyika kwa urahisi.

Kompyuta ya kawaida ina kichakataji kikuu chenye vikokotozi vichache vyenye nguvu. Kichakataji cha michoro, kinachojulikana kwa herufi GPU, kina vikokotozi maelfu, kila kimoja kikiwa na uwezo mdogo. Tofauti yao ni kama ile iliyopo kati ya mkulima mmoja hodari na kijiji kizima kilichotoka kwa msaragambo. Shamba likiwa kubwa, kijiji humaliza mapema; kazi ikiwa ni kung'oa mche mmoja, kukusanya watu ni kupoteza wakati. Kadi za michoro ziliundwa kwa ajili ya picha, lakini mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa mfumo wa CUDA, ambao uliwawezesha waandishi wa programu kuzitumia kadi zake kwa hesabu za aina yoyote.

Makala haya yanaeleza jambo la kufanya wakati kadi hiyo ipo ndani ya kompyuta, lakini programu ya hisabati haiioni au haiitumii. Mfano uliochaguliwa ni wa kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux, kadi ya NVIDIA, lugha ya Python na maktaba ya hisabati iitwayo CuPy, iliyoanzia Japani. Hata hivyo kanuni zenyewe hufaa pia kwa programu nyingine.

Mfano wa Kuanzia

Ichukuliwe kwamba klabu ya hisabati ya shule imeandika programu ya kuzidisha matriksi. Jana programu ilifanya kazi vizuri. Leo asubuhi inasimama na kutoa hitilafu namba 100, ambayo maana yake ni kuwa hakuna kadi yoyote iliyopatikana. Wanafunzi wanafungua sanduku la kompyuta na kuiona kadi mahali pake, feni yake ikizunguka. Mmoja anasema kadi imeungua. Wa pili anataka CuPy ifutwe na kuwekwa upya. Wa tatu anataka mfumo mzima wa Linux ufutwe. Yamkini siku nzima itapotea, na huenda mwishoni kukawa na hitilafu tatu mahali palipokuwa na moja.

Kosa lao si uvivu. Kosa ni kudhani kwamba ujumbe wa hitilafu unataja ugonjwa, ilhali unataja dalili. Daktari haitibu homa kabla ya kujua kama imeletwa na malaria, nimonia au kidonda.

Ngazi Yenye Vipandio Vitano

Kati ya kadi na jibu la hesabu pana vipandio vitano, kimoja juu ya kingine:

1. Kadi yenyewe, yaani chuma, waya na umeme.
2. Kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kiini cha Linux kuzungumza na kadi.
3. Maktaba za CUDA, zinazotumiwa na programu nyingine.
4. Programu ya hisabati, hapa CuPy.
5. Hesabu yenyewe: ukubwa wake, usahihi wake na muda wake.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni hili: kila kipandio huona kile kilicho chini yake tu. CuPy haiitazami kadi, huziuliza maktaba. Maktaba nazo hukiuliza kiendeshi. Kiendeshi kisipojibu, habari inayofika juu ni kwamba hakuna kadi. CuPy haikusema uongo. Imesema kwa uaminifu lile iliyoambiwa. Kwa hiyo ujumbe unaotokea kwenye kipandio cha nne aghalabu hueleza kasoro ya kipandio cha pili.

Kutokana na jambo hilo zinapatikana kanuni tatu. Kwanza, thibitisha kipandio cha chini kabla ya kukigusa cha juu. Pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Tatu, andika daftarini kila amri uliyotoa na kila jibu ulilopata, kama ifanywavyo katika maabara ya kemia.

Kipandio cha Kwanza: Kadi

Katika dirisha la amri, mtumiaji huandika:

lspci | grep -i nvidia

Amri ya lspci huorodhesha vifaa vilivyochomekwa katika ubao mkuu, na sehemu ya pili huchuja mistari yenye jina la NVIDIA. Mstari ukionekana, ubao unaitambua kadi. Usipoonekana, hakuna programu yoyote itakayosaidia. Hapo hapana budi kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme, kisha kuangalia kama kadi imekaa sawasawa katika nafasi yake na kama nyaya zake za umeme zimeunganishwa. Kuzunguka kwa feni si ushahidi wa kutosha, kwa maana feni huhitaji umeme tu.

Kwa klabu ya mfano wetu, mstari umeonekana. Kadi haikuungua.

Kipandio cha Pili: Kiendeshi

Amri inayofuata ni nvidia-smi. Ikiwa kila kitu ni kizima, huonyesha jedwali lenye jina la kadi, joto lake, kumbukumbu inayotumika na namba ya toleo la kiendeshi. Mwenye haraka anaweza kuanza na amri hii, kwa kuwa jedwali likitokea, vipandio viwili vya chini vimethibitishwa kwa pamoja. Jedwali lisipotokea, sababu za kawaida ni nne.

(a) Kiini kimebadilika. Linux hupata masahihisho mara kwa mara, na pengine kiini kipya huwekwa chenyewe usiku. Moduli ya kiendeshi hutengenezwa kwa ajili ya kiini maalumu; kiini kikibadilika, moduli ya zamani haiingii. Amri uname -r hutaja kiini kinachotumika sasa. Katika kompyuta zinazotumia mpango wa DKMS, amri dkms status hutaja viini ambavyo moduli imekwisha kutengenezewa. Majina hayo mawili yasipolingana, hitilafu imepatikana.

(b) Kiendeshi kingine kimeishika kadi. Linux huja na kiendeshi huria kiitwacho nouveau, ambacho huonyesha picha lakini hakiendeshi CUDA. Amri lspci -k hutaja kiendeshi kinachoishika kadi kwa wakati huo. Likisomeka jina la nouveau, lazima kizuiwe ili kiendeshi cha NVIDIA kipate nafasi.

(c) Ulinzi wa kuwasha kompyuta, uitwao Secure Boot, umeikataa moduli isiyokuwa na sahihi inayotambuliwa. Kukataliwa huko aghalabu huandikwa katika kumbukumbu za kiini, ambazo husomwa kwa amri sudo dmesg.

(d) Kiendeshi kimewekwa upya lakini kompyuta haijazimwa na kuwashwa. Moduli ya zamani ingali ndani ya kumbukumbu, na maktaba mpya ziko kwenye diski. Namba zao hazipatani. Dawa yake ni kuwasha kompyuta upya.

Klabu yetu iligundua sababu ya kwanza. Kiini kilibadilishwa usiku, na moduli mpya haikutengenezwa kwa sababu faili za vichwa za kiini kipya hazikuwamo. Faili hizo zilipowekwa na amri sudo dkms autoinstall ikatolewa, moduli ilitengenezwa. Kompyuta iliwashwa upya na jedwali likatokea. Hakuna kilichofutwa.

Kipandio cha Tatu: Maktaba

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu zipo maktaba mbili zenye majina yanayofanana. Ya kwanza, libcuda, huja pamoja na kiendeshi. Ya pili, libcudart, huja pamoja na zana za CUDA au pamoja na programu ya hisabati. Amri ifuatayo huonyesha zile ambazo mfumo unazijua:

ldconfig -p | grep libcuda

Faili inaweza kuwapo kwenye diski bila kuonekana katika orodha hiyo, kama vile kitabu kinavyoweza kuwamo maktabani bila kuandikwa katika katalogi. Hata hivyo, baadhi ya programu za Python huwa na libcudart yao ndani ya folda zao, na kukosekana kwake katika orodha ya mfumo si kasoro.

Toleo la CUDA linaloandikwa juu ya jedwali la nvidia-smi nalo huwapotosha wengi. Namba hiyo haisemi ni zana gani zilizowekwa. Inasema ni toleo lipi la juu kabisa ambalo kiendeshi kinaweza kulihudumia. Kompyuta yaweza kuonyesha 12.2 hapo na isiwe na zana zozote za CUDA.

Kipandio cha Nne: Programu ya Hisabati

CuPy yenyewe inaweza kuulizwa maswali matatu. Baada ya kuandika import cupy katika Python, mtumiaji huandika:

cupy.cuda.runtime.getDeviceCount()
cupy.cuda.runtime.driverGetVersion()
cupy.cuda.runtime.runtimeGetVersion()

La kwanza huhesabu kadi. La pili hutaja toleo linalohudumiwa na kiendeshi. La tatu hutaja toleo la maktaba ambayo CuPy inaitumia. Majibu ya maswali mawili ya mwisho hutolewa kama namba kamili: toleo kuu huzidishwa kwa 1000, na toleo dogo kwa 10, kisha hujumlishwa. Kwa hiyo 12020 ni toleo la 12.2, na 11040 ni toleo la 11.4.

Kanuni ni kwamba kiendeshi hakipaswi kuwa cha kizazi cha nyuma kuliko maktaba. Kiendeshi kikijibu 11040 na maktaba ikajibu 12020, hesabu itakataliwa kwa hitilafu namba 35, yaani kiendeshi hakitoshi. Tangu toleo la 11 upo uhuru kiasi ndani ya kizazi kimoja. Kwa mfano, programu za kizazi cha 12 huhitaji kiendeshi cha Linux kisichopungua toleo 525.60.13. Izingatiwe pia kwamba namba 35 huweza kutolewa hata pale ambapo hakuna kiendeshi chochote, kwani kukosekana huhesabiwa kama toleo la sifuri.

Hitilafu nyingine tatu zafaa kukumbukwa:

Namba 100: hakuna kadi iliyoonekana. Mbali na sababu za kipandio cha pili, angalia kigeu cha mazingira kiitwacho CUDA_VISIBLE_DEVICES. Kikiwekwa kitupu, kadi zote hufichwa, ingawa nvidia-smi itaendelea kuzionyesha.

Namba 209: programu haina maagizo yaliyotafsiriwa kwa lugha ya kadi hiyo. Mara nyingi kadi ni ya zamani mno au mpya mno kwa programu hiyo. CUDA ya toleo la 12, iliyotolewa mwaka 2022, haihudumii tena kadi za kizazi cha Kepler, zilizoanza kutoka mwaka 2012. Shule inayopewa kompyuta iliyokwisha kutumika haina budi kuuliza kizazi cha kadi yake kabla ya kuchagua toleo la programu.

Namba 2: kumbukumbu ya kadi haitoshi. Hii imo katika kipandio cha tano.

Kipandio cha Tano: Hesabu Yenyewe

Hadi hapa hitilafu zilipiga kelele. Zilizobaki ni za kimya, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Programu haisimami, hutoa jibu, na mwanafunzi huliamini.

Kwanza ni ukubwa. Namba moja ya usahihi wa biti 64 huchukua baiti 8. Matriksi yenye safu 20,000 kwa 20,000 ina namba milioni 400, yaani baiti bilioni 3.2. Kuzidisha matriksi mbili na kuhifadhi jibu huhitaji matriksi tatu, yaani baiti bilioni 9.6. Kadi yenye baiti bilioni 8 haitazibeba. Katika usahihi wa biti 32 mahitaji hushuka hadi baiti bilioni 4.8.

Pili ni usahihi. Kuhamia biti 32 kuna gharama yake. Namba ya biti 32 huhifadhi takribani tarakimu 7 tu. Katika mfumo huo, 100,000,000 ukiongeza 1 hubaki 100,000,000. Hivyo (100,000,000 + 1) − 100,000,000 hutoa 0, ilhali (100,000,000 − 100,000,000) + 1 hutoa 1. Sheria ya ujumlishaji isemayo kwamba mabano hayabadilishi jibu haitimii ndani ya mashine. Kadi hujumlisha kwa makundi, tena kwa mpango tofauti na ule wa kichakataji kikuu, hivyo majibu yao huweza kutofautiana kidogo bila yeyote kuharibika. Tofauti katika tarakimu ya sita au ya saba ni ya kawaida kwa biti 32. Tofauti katika tarakimu ya pili yahitaji kuchunguzwa.

Tatu ni muda. Kuzidisha matriksi mbili za safu n kwa n huhitaji takribani matendo 2n³. Kwa n = 10,000, ni matendo trilioni 2. Kadi yenye uwezo wa matendo trilioni 10 kwa sekunde haiwezi kumaliza kabla ya sekunde 0.2. Saa ya programu ikionyesha sekunde 0.0001, kadi haikufanya muujiza. CuPy hupeleka kazi kwenye kadi na kurudi mara moja bila kungoja, na saa imepima kupelekwa kwa agizo tu. Kabla ya kusimamisha saa ni lazima kuandika:

cupy.cuda.Device().synchronize()

Amri hiyo huilazimisha programu ingoje mpaka kadi imalize. Aidha, mzunguko wa kwanza usihesabiwe, kwa kuwa ndani yake mna maandalizi.

Muda ukiwa mrefu mno, sababu yaweza kuwa usahihi. Kadi nyingi za michezo hazikuundwa kwa biti 64. Katika kadi za GeForce za kizazi cha Ampere, kilichoanza kutoka mwaka 2020, kasi ya biti 64 ni sehemu moja tu ya 64 ya kasi ya biti 32. Sababu nyingine ni kwamba kadi haikutumika kabisa. Mwanafunzi akiandika numpy mahali pa cupy, hesabu yote hufanyika katika kichakataji kikuu na jibu hutoka bila onyo. Zipo pia programu zilizoandikwa kwa makusudi zirudi kwenye kichakataji kikuu pale kadi isipoonekana. Namna ya kuhakikisha ni kufungua dirisha la pili la amri, kuandika nvidia-smi hesabu ikiendelea, na kuangalia kama kumbukumbu ya kadi inatumika na kama kadi ina kazi.

Klabu yetu ilipofika hapa iligundua jambo ambalo halikuonekana hata siku programu ilipofanya kazi vizuri. Kasi waliyokuwa wameitangaza ubaoni ilipimwa bila kuingoja kadi. Kiendeshi kilichokataa kuingia kiliwagharimu asubuhi moja. Kipimo kibaya cha muda kingeweza kukaa katika ripoti yao mwaka mzima.

Hitimisho

Kimya cha mashine si ushahidi wa afya yake, na kelele yake haionyeshi palipo na maumivu. Mtafutaji hitilafu mzuri si yule ajuaye amri nyingi, bali ni yule ajuaye amekwisha kuthibitisha nini. Kabla ya kuikabidhi kadi hesabu kubwa, aipe kwanza hesabu ndogo ambayo jibu lake analijua, kwa mfano matriksi ya safu 500 mara kinyume chake, ambayo yapaswa kutoa matriksi ya utambulisho. Jibu likipatana, apande. Lisipopatana, ashuke kipandio kimoja. Mwenda pole hajikwai.

Maswali ya Zoezi

1. Kiendeshi kinajibu 11080 na maktaba ya CuPy inajibu 12010. Taja matoleo hayo kwa desimali, na ueleze ni hitilafu namba ngapi inayotarajiwa.

2. Kadi ina baiti 8,000,000,000. Tafuta n kubwa kabisa inayowezekana, ikiwa matriksi tatu za n kwa n katika biti 64 zinapaswa kukaa humo kwa pamoja, na hakuna kitu kingine kinachochukua nafasi.

3. Kadi hufanya matendo trilioni 10 kwa sekunde katika biti 32, na sehemu moja ya 64 ya kasi hiyo katika biti 64. Kadiria muda mfupi kabisa wa kuzidisha matriksi mbili za safu 10,000 katika kila usahihi.

4. Amri ya nvidia-smi inaonyesha jedwali kamili, lakini CuPy inatoa hitilafu namba 100. Ni vipandio vipi vimekwisha kuthibitishwa, na ni kitu gani cha kuangaliwa kwanza?

Majibu kwa ufupi: (1) 11.8 na 12.1; hitilafu namba 35. (2) 18,257. (3) Sekunde 0.2 na sekunde 12.8. (4) Cha kwanza na cha pili, kigeu CUDA_VISIBLE_DEVICES.